Kasuku wa Mfukoni na Mapacha wa Jakline

Eh, nyinyi wanangu wa makoti meupe! Nawaona mnavyopita wodini na simu zenu, kidole kimoja tu, paap, kipimo cha dawa hicho hapo. Halafu mnanitazama mimi bibi wa kiti cha plastiki mnasema moyoni, huyu maskini ni wa zamani za kuchemsha sindano. Tulieni kwanza. Mimi Konsolata, muuguzi mstaafu, magoti yamekataa ngazi lakini ulimi bado uko kazini. Nilibeba kompyuta mfukoni wakati wa vita, hapa hapa Bujumbura, kule juu Gihosha, na wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Nikikumbuka siku niliyoishika mara ya kwanza, haki ya Mungu, moyo bado unaruka!

Na mjue jambo moja kabla sijafika mbali. Kompyuta yetu ile, kwenye toleo lake la mwisho, ukimwandika mtoto pacha ilikuwa haikuachi uende. Ilikuuliza kwanza: "Na mwenzake?" Kama vile jirani anavyouliza. Wageni waliokuja kutuona walicheka sana, wakauliza nani alifundisha mashine adabu za Kirundi. Sisi hatukucheka sana, maana tulijua swali lile limetoka wapi. Ndiyo hadithi nataka kuwapa, lakini nitaanza panaponipendeza.

Tuanze na Mama Sabina. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu wa Uvira, kule Kongo, alivuka mpaka na mabinti zake na sufuria moja, akaanza kufanya kazi dispansari yetu, na ndani ya muda mfupi hakuna aliyekumbuka kwamba iliwahi kuwepo bila yeye. Mnene, mcheshi, mkali, na mpenda sukari asiye na mfano. Chai yake kijiko kilikuwa kinasimama. Tukimwonya, anasema, "Niacheni, maisha iko chungu ya kutosha." Mkono wake kwenye mshipa wa mtoto, ah! Mtoto aliyekaukiwa maji, mshipa umejificha, sisi wengine tunatoka jasho, yeye anaimba kidogo, anapapasa, na sindano imeingia.

Siku walipotuita chuoni, pale Mutanga Sud, kujifunza mashine, Mama Sabina alikuja amevaa kitenge cha harusi. Niliona ajabu. Akasema, "Konso, mutu anaenda kukutana na kompyuta, atavaa tu vya jikoni?"

Mwalimu wetu aliitwa Deo, kijana aliyefundisha hapo chuoni, mwembamba, mwenye miwani iliyoshikwa na utepe. Programu alikuwa ameitengeneza yeye mwenyewe, na maswali yake aliyaandika kwa Kiswahili, kwa sababu, alisema, ndiyo lugha tuliyogombana kwayo sote kazini. Akafungua sanduku. Humo ndani vimelala vimashine vidogo, kila kimoja kinaenea kiganjani, kioo cha kijivu, na ubavuni kumechomekwa kalamu ya plastiki isiyo na wino. Nilikichukua changu nikakiwasha, kikalia "tiii!" Nikaruka! Wanangu, nilikuwa na watoto wakubwa nyumbani, lakini niliruka kama msichana.

Sasa, kuandika. Mashine ile ilikuwa na herufi zake. Hukuandika A unayoijua wewe. A yake haikuwa na mshipi katikati, ilikuwa kilele cha mlima tu. K ilikuwa kama ndagala, wale dagaa wetu wa ziwani, mkia huku na kichwa kule. Mimi jina langu linaanza na K, basi nilichora ndagala mpaka nikasikia njaa. Mama Sabina alikandamiza kalamu kwa nguvu zile zile anazogeuzia wagonjwa, na kioo kikatoa mambo yasiyosomeka.

"Deo, mutoto wangu," akasema, "hii kitu inanizarau. Mi naandika jina yangu, yenyewe inaandika matusi."

"Mama, bonyeza polepole. Ishike kama mtoto mchanga."

"Mutoto muchanga haniulizi maswali."

Lakini alipoandika jina lake likatoka sawa, S-A-B-I-N-A, aliweka kalamu chini. Kisha akapiga kigelegele ndani ya darasa la chuo kikuu! Wanafunzi walikuja kuchungulia dirishani wakidhani kuna posa.

Vimashine hivyo tuliviita Kasuku, na jina alilitoa yeye. "Kwa sababu," alisema, "inasema tu ile umeisema." Likashika. Hata wagonjwa wakawa wanauliza, "Leo Kasuku amekula? Ana nguvu?" Maana alikula kweli, alikula betri, zile ndogo ndogo, tulizozifuata mtaa wa Asiatique kwa mfanyabiashara mmoja aliyeziweka chini ya meza kama dhahabu. Na sikilizeni: mashine zile betri zikifa kabisa, kila kitu ndani kinafutika. Mama Sabina hilo hakuliamini. Yeye betri zikichoka alifanya kama sote tulivyofanya na betri za redio, alizianika juani juu ya bati zipate uhai. Aliziacha kutwa nzima, akanywa chai zake, akarudi. Kasuku wake alikuwa mtupu kama siku ya kuzaliwa. Kazi yote ya wiki imekwenda! Alikaa kwenye ngazi ya dispansari akasema, "Basi huyu ni mufu, tumuzike." Tangu hapo sheria yetu ikawa betri kwanza, chai baadaye, na aliyeisimamia kwa ukali kuliko wote alikuwa yeye.

Mtaniuliza, mama, furaha yote hiyo ya nini? Kwa sababu nyinyi hamjawahi kupiga hesabu ya kwinini kiganjani kwa kalamu ya bic huku milimani kunalia pu-pu-pu, mtoto anadegedeka mikononi mwa bibi yake, na kichwa chako kimesahau saba mara nane! Mimi nimepiga. Sasa nilimpima mtoto uzito, nikagusa, nikagusa, na Kasuku akaniambia: kiasi hiki, ndani ya serumu, ile dripu yenu, kwa muda huu. Ikifika saa ya dawa, analia mwenyewe mfukoni. Mara ya kwanza hesabu yake na yangu zilipolingana nilipiga kelele hadi mzee mmoja kitandani akauliza, "Vita vimeisha?"

Hata barabarani alinisaidia. Sisi tulihudumia dispansari na pia kambi ya wakimbizi wa vita iliyokuwa juu zaidi, watu waliokimbia vilima vyao. Mama Sabina alishinda kambini, mimi nilishinda dispansari, na kati yetu kulikuwa na barabara ya udongo yenye kizuizi cha askari. Siku moja askari mpya akaona Kasuku kwenye mfuko wangu. Akanielekezea bunduki.

"Hiyo radio unaongea na nani?"

"Na malaria," nikasema. Ulimi wangu, wanangu! Nilitaka kuumeza. Haraka nikamwambia, "Baba, njoo uone. Una mtoto?"

Akasita. "Ninaye."

"Ana uzito gani?"

Akafikiri, akaweka bunduki begani, akapima hewani kwa mikono miwili kama anayebeba kitu. Nikakadiria, nikagusa, nikamwonyesha: akishikwa na malaria, mwanao atapata kiasi hiki. Alikisoma kioo kwa muda mrefu. Baada ya hapo kila nilipopita alinisalimia, "Mama, Kasuku anasema nini leo?"

Na jambo lililonipendeza kuliko yote: mashine zile zilijua kusalimiana. Pale juu palikuwa na kidirisha cheusi. Ukiziweka mbili uso kwa uso, zinapeana habari zote bila waya, kwa taa usiyoiona. Mama Sabina alisema zinabusiana, na kila mara aligeuza macho kwa heshima. Basi kila siku kabla ya mchana nilipanda kambini, Kasuku wake na wangu wanabusiana, mimi nashuka nikijua kila mgonjwa wake amepata nini. Kabla ya hapo ilikuwa ni kukumbuka tu, na kuuliza mama mwenye wasiwasi, "Alipewa kidonge cheupe au cha njano?"

Sasa twende kwa mapacha.

Nyinyi mliozaliwa hapa mnajua. Pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi, na hakuna kumpa mmoja ukamnyima mwingine. Nguo sawa, uji sawa, hata kofi sawa. Ukimsalimia mmoja bila kuuliza mwenzake, mama yao atakutazama vibaya, maana aliyesahauliwa ndiye atakayeugua. Ndivyo wazee walivyoshika, na sisi wauguzi hatukuja kazini kugombana na mama wa mapacha. Mama Sabina alikuwa na njia yake, akanifundisha nami. Akiugua pacha mmoja tu, huyo anapata dawa yake. Mwenzake mzima anapata kijiko kile kile, kikombe kile kile, kwa heshima ile ile, lakini ndani ni maji ya sukari. Mama anaona wote wamekunywa, roho inatulia, mgonjwa anatunzwa. "Na mama asiambiwe," alinionya. "Akijua, haitafanya kazi." Na kabla hajampa mtoto yule mzima, Mama Sabina alionja kidogo yeye mwenyewe. Kwa nini? Kwa sababu ni sukari, jamani! Angeipita vipi?

Pale kambini alikuwapo Jakline, mama wa wasichana mapacha. Mwanamke kijana, mume wake alikuwa hajulikani alipo, na wasichana wale ndio waliokuwa nyumba yake yote. Walikuwa wameshaacha kunyonya zamani, wanaongea kutwa. Bukuru alikuwa mgomvi wa dawa. Kumnywesha ilitakiwa mmoja ashike miguu, mwingine pua. Butoyi mpole, yeye anafungua mdomo hata kwa dawa ya macho.

Asubuhi ile nilipanda kama kawaida. Mama Sabina alikuwa na msururu mrefu mbele yake, hatukuongea sana. Mashine zikabusiana, akanipiga begani, "Teremka mudogo wangu, leo hewa si nzuri." Nilishuka. Sikuwa hata nimevua kandambili zangu za barabarani mlio ulipoanza kule juu, na safari hii haukuwa wa mbali. Watu wakaanza kuteremka mbio na magodoro, na mbuzi, na watoto. Kizuizi kikafungwa. Simu ya ofisi ilikuwa imekatika tangu juzi yake, na daktari alikuwa mjini, upande wa pili wa barabara ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuipita. Mama Sabina alibaki kambini na wale wasioweza kutembea. Nilijua atabaki, ndivyo alivyo.

Katikati ya watu wale akaingia Jakline. Butoyi mgongoni, Bukuru anavutwa mkono. Nilimfungua Butoyi nikaona macho yamegeukia juu, mwili unawaka, anadegedeka. Yebabawe! Nikampa dawa ya kutuliza degedege, ikatulia, lakini hakuamka. Nikamtoboa kidole, wakati ule tulikuwa na vile vipimo vya haraka. Malaria, tena kali.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo kazi ilipo. Mtoto aliyezidiwa namna ile, wakati ule, tulimwanzisha kwa kwinini nyingi ndani ya serumu, kisha dozi zinazofuata zinapungua. Ile nyingi ya kuanzia ndiyo inayomvuta kutoka shimoni. Lakini kama siku hiyo tayari amepata kwinini, hiyo nyingi ni marufuku, maana moyo unaweza kusimama. Umempa aliyekwishapata, umemuua. Umemnyima ambaye hajapata, naye unaweza kumzika.

Nikamtoa Kasuku. Nikaandika Butoyi. Akanijibu hapo hapo, bila kusita: *Amepata kwinini leo asubuhi, kambini. Usitoe dozi ya kuanzia. Subiri jioni.*

Nikaandika Bukuru. *Amepata kwinini leo asubuhi, kambini.*

Wote wawili! Nikamgeukia Jakline. "Mama Bukuru, asubuhi Mama Sabina alimpa nani dawa?"

"Wote," akasema. "Bukuru alikuwa na homa. Lakini wote walikunywa, sawasawa, mi niliona na macho yangu. Niliwalinganisha, mama! Niliwalinganisha, sasa kwa nini Butoyi anaenda?"

Mnaona mtego ulivyonikamata? Njia ya Mama Sabina niliijua. Lakini nilijua pia kwamba mara nyingine aliwatibu mapacha wote wawili kwelikweli, kwa sababu wanaolala mkeka mmoja wanaumwa na mbu mmoja. Kwa sukari, angeandika kwinini? Mama anasema wote. Mashine inasema wote. Na Mama Sabina mwenyewe yuko juu, umbali ambao ningeweza karibu kumwita kwa sauti, na hakuna njia ya kumfikia. Butoyi alikuwa anapumua kama anayepanda mlima. Kusubiri jioni? Niliogopa, wanangu. Nawaambia wazi, niliogopa.

Ndipo nikamwona Bukuru. Alikuwa amekaa chini, amekunja uso, anajichimba masikio kwa vidole, huku na huku.

"Bukuru, masikio yana nini?"

"Yanalia," akasema kwa hasira. "Nzzzz. Hayanyamazi."

Kwinini huimba masikioni! Aliyekunywa kwinini husikia nyuki. Kwa hiyo Bukuru ni kweli amekunywa. Lakini Butoyi siwezi kumuuliza, amelala huko aliko. Nikachuchumaa mbele ya yule mgomvi mdogo.

"Mama yangu, niambie. Dawa ya Mama Sabina ilikuwaje?"

Ah, aliingoja nafasi hiyo tangu asubuhi! Maneno yakamwagika. "Yangu ilikuwa chungu! Chungu sana! Ya Butoyi ilikuwa sukari!"

"Acha uongo," mama yake akasema. "Zilikuwa sawa."

"Apana! Ya Butoyi ilikuwa sukari!"

Sasa na nyinyi mna watoto au wadogo zenu. Mtoto gani hasemi ya mwenzake ni tamu zaidi? Ukiwagawia muwa mmoja ulioukata katikati, kila mmoja atalia kwamba wa mwenzake ndio wenye asali. Siwezi kumwekea mtoto dawa inayosimamisha moyo kwa sababu ya wivu wa dada yake. Nikamshika mabega. "Umejuaje ilikuwa sukari? Ulikunywa yake?"

"Butoyi alinilambisha kijiko. Nililia, akanilambisha." Kisha akaongeza, amechukia kabisa, kwa sababu hilo ndilo lililomuuma zaidi: "Na Mama Sabina alionja ya Butoyi! Alilamba midomo hivi. Yangu hakuonja!"

Wanangu! Nilitaka kumbusu mtoto yule miguuni! Sabina alionja! Sabina, ambaye hajawahi kugusa kwinini kwa ncha ya ulimi maisha yake yote, alionja ya Butoyi na kulamba midomo! Hilo mtoto hawezi kulibuni. Hakuna aliyelijua isipokuwa mimi na aliyekuwa pale akiangalia kijiko kwa wivu.

"Mama Bukuru," nikasema, "lete mkono wa Butoyi, ushike hivi, usiuachie."

Kasuku alikuwa bado anashikilia lake: *Usitoe. Subiri jioni.* Nikamwambia kwa sauti, watu wakasikia, "Wewe umeambiwa vibaya, rafiki yangu." Nikafungua ukurasa mpya, nikamwandika Butoyi upya kama mgonjwa anayefika mara ya kwanza, nikampa uzito. Akanipigia hesabu ya dozi ya kuanzia, safi, bila kinyongo, na mimi nikaihakiki kwa bic kiganjani, kwa sababu siku hiyo nilitaka mashahidi wote. Mshipa ulikuwa umejificha. Nikaimba kidogo, kama nilivyofundishwa. Ukaja.

Hapakuwa na la kufanya tena ila kuangalia tone likifuata tone, na kumpa sukari kwenye serumu, maana kwinini hula sukari ya damu, msisahau hilo hata mkizeeka. Jakline hakuachia mkono ule. Bukuru alilala kwenye miguu yangu, bado ameziba masikio.

Milio ilinyamaza. Kulipokucha kizuizi kikafunguliwa, na wa kwanza kupita alikuwa Mama Sabina, kitenge kimejaa vumbi, Kasuku amefungwa kifuani na leso. Aliingia akiuliza, "Wangu wako wapi?" Butoyi alikuwa amefungua macho, anaomba maji. Nikamweleza yote. Alisikiliza, akakaa, akavua kilemba, akalia machozi makubwa. Halafu ghafla akasimama. "Deo yuko wapi?"

Deo alifika barabara zilipofunguka, amekuja kuona kama mashine zake zimepona. Maskini! Hakupewa hata kiti.

"Mashine yako haina sukari!" Mama Sabina akamwambia.

"Mama?"

"Inaniuliza, umempa dawa gani? Natafuta maji ya sukari, haiko. Nataka kupita, inakataa, inasema chagua. Nikachagua ile iko karibu na kidole. Sasa karibu tuzike mutoto ju ya orodha yako!"

"Lakini mama, maji ya sukari si dawa..."

"We umezaliwa wapi?"

Deo akavua miwani. Yeye mwenyewe, alituambia baadaye, ana wadogo zake mapacha kule kwao Muramvya, na mama yao alikuwa anakata hata kipande cha sabuni katikati. "Nilikuwa nayajua haya yote," alisema, "na niliposhika kompyuta nikayaacha mlangoni." Hakujitetea zaidi. Alikaa pembeni mwa kitanda cha Butoyi akamuuliza Mama Sabina hatua kwa hatua, unampa nani kwanza, unasema nini, na Mama Sabina akamweleza kwa fahari ya profesa. Aliporudi na programu mpya, maji ya sukari yalikuwemo kwenye orodha, kwa jina lake, na kila ulipoandika pacha lile swali likatokea: *Na mwenzake?* Ukajibu, mzima au mgonjwa, amepewa kitu gani hasa. Tulipolisoma mara ya kwanza Mama Sabina alipiga kigelegele kile cha chuoni, kirefu zaidi.

Lakini nyinyi mnataka kujua kuhusu watoto. Basi turudi pale kitandani, Deo bado yuko pembeni, miwani mkononi.

Butoyi alikuwa amekaa, ameegemea kifua cha mama yake, amekwisha kunywa uji. Ulikuwa wakati wa kuacha serumu na kuanza kumeza kwinini kwa mdomo, na Bukuru naye alitakiwa kuendelea na yake. Kasuku akalia mfukoni, "tiii." Mama Sabina akaponda vidonge, akaandaa vijiko viwili, na safari hii hakuonja chochote. Jakline alikuwa ananitazama mimi, si vijiko. Sote tulijua jinsi Bukuru atakavyopiga mateke, na tayari nilikuwa nimejiweka upande wa miguu.

Mama Sabina akaanza na Butoyi. Mtoto akaona kijiko kinachofahamika, na mkono unaofahamika, akatabasamu, akafungua mdomo wote.

Lo! Uso ule! Midomo ilijikunja, macho yakajaa maji, akamtazama Mama Sabina kama mtu aliyesalitiwa na kanisa zima, kisha akaangua kilio ambacho siku iliyopita hakuna kati yetu aliyekuwa na hakika ya kukisikia tena. Jakline akaanza kucheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, na mimi vivyo hivyo.

Bukuru alikuwa amesimama kwenye ncha za vidole akimchunguza dada yake kwa makini, mpaka alipohakikisha kwamba kilio ni cha kweli. Kisha akageuka.

"Sasa tuko sawa," akasema, na akafungua mdomo wake mwenyewe bila kushikwa na mtu.